Sifa Isiyoitikiwa

Bunduki za Wajerumani zilimuua ndugu yangu Daimu, lakini aliyempeleka mbele ya bunduki hizo ni mimi. Mimi ndiye mwimba sifa wa kijiji cha Mpitimbi. Nilisimama mbele ya vijana wetu nikaimba kwamba maji ya dawa yatageuza risasi kuwa matone. Nani alinionyesha kwamba ni kweli? Hakuna. Nilipewa maneno, yakaninogea mdomoni, nikayaimba. Daimu alicheza ngoma mstari wa mbele.

Wajerumani walipokwisha kunyonga wakubwa wetu na kuchoma maghala, boma la Songea likanihitaji. Nassoro, mkalimani wao, alikuja kwangu: Jumamosi niimbe mbele ya watu kwamba Bwana Mkubwa, Mjerumani aliyetawala boma, ni baba yetu, na walionyongwa walikuwa wezi. Ujira, magunia mawili ya mahindi. Mahindi ya mashamba yetu, waliyoyabeba wao, halafu wezi ni sisi.

Nikamwambia Subira, mjane wa Daimu, kwamba siendi. Alikuwa anamenya ming'oko, mizizi ya porini iliyokuwa chakula pekee cha wanawe wawili. Hakuinua uso.

"Shemeji, ulipotuimbia maji hukuona haya. Leo uongo una mahindi ndani, ndiyo unajifanya mtu safi?"

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Jumamosi nikaenda, nimeazimia kuimba na kurudi na magunia.

Sasa, kwetu sifa haianzi hewani. Kwanza unamwita baba wa mtu, kisha babu yake, na kwa kila jina watu hupiga miguu chini kuitikia. Wasipoitikia, huendelei. Nikamwuliza Nassoro jina la baba wa Bwana Mkubwa. Bwana akacheka, akalitaja. Nikaliita kwa sauti yangu yote, kwa ajili ya wale watoto. Hakuna mguu ulioinuka. Nikaliita tena. Kimya.

"Imba, mzee," alisema Nassoro.

"Hawajaitikia."

"Imba hivyo hivyo, Bwana anangoja."

Hapo hasira zikanipanda. Kudanganya niliweza, nilishadanganya. Kuimba bila kuitikiwa sikujua hata kunaanzia wapi. Nikaita jina la Daimu. Miguu ikapiga, vumbi likasimama. Nikaita mwingine, na mwingine, waliokufa kwa risasi na waliokufa kwa kamba, mpaka askari waliponiangusha chini.

Nilichapwa viboko ishirini na tano. Mahindi yalibaki bomani.

Nyumbani Subira alinikanda mgongo kwa maji ya moto, na mkono wake haukuwa na huruma. Watoto walikuwa wanalia njaa.

"Ulimwita Daimu?"

"Wa kwanza."

"Waliitikia?"

"Wote."

Akakamua kitambaa. "Na yule aliyewaimbia maji, ulimtaja?"

Nikamwambia sikumtaja. Akakiacha kitambaa mgongoni mwangu, akaenda kuwamenyea watoto ming'oko.