Shosho Wamuyu Akunja Shimo

Saa kumi na mbili asubuhi, basi la shamba la maua lilipopiga honi, akina mama wa ploti ya kupanga ya Ephantus pale Naivasha walikuwa wameshamwachia Shosho Wamuyu watoto wao wanne. Chumba chake kilikuwa tayari. Jiko lilikaa juu ya mawe, mbali na mikono midogo. Mafuta ya taa yalikuwa yameondolewa kwenye chupa ya soda. Wembe, dawa na meno yake ya bandia vilikuwa juu ya kabati. Meno kwa sababu watoto waliyapigania.

Shida ilikuwa nje, hatua sita kutoka mlangoni: shimo la maji ya bafu, futi kumi kwenda chini, bila kifuniko. Shosho alilifunika kwa mabati mara mbili. Mara mbili Kipngeno, keateka wa kutunza ploti, aliyabeba akazibie banda la kuku wa Ephantus.

Kwa hivyo Abby, wa miaka miwili, alifungwa kwa leso kwenye mguu wa kitanda kama mbuzi. Siku ya Jumanne akajua kufungua fundo. Shosho alimdaka kwa gauni, mguu mmoja ukiwa tayari unaning'inia shimoni.

Alimpigia Ephantus simu.

"Mathe, watoto wafunzwe kuogopa," Ephantus alisema. "Shimo halijawahi kumfuata mtu."

"Ni kweli," Shosho alisema. "Halijui njia. Nitalisindikiza."

Aliinama, akakung'uta udongo ukingoni, akalikunja shimo mara nne kama blanketi. Upande wa chini ulikuwa mzito kwa sababu ya maji. Akalibeba mgongoni kwa mkanda wa kipajini, vile anavyobeba kuni, watoto wanne nyuma yake wameshika sketi.

"Shosho, umebeba nini?" mtu wa boda aliuliza.

"Shimo."

"La nani?"

"La Ephantus."

"Haya, pole na mzigo."

Alilitandaza uani kwa Ephantus, kati ya geti na bembea ya mjukuu wake Travis. Akaketi na watoto wake kando ya ukuta, akawagawia viazi vitamu.

Ephantus alitoka na slipa. "Mathe! Travis anacheza hapa!"

"Afunzwe kuogopa."

"Hiyo ni mali ya ploti! Umeiba!"

"Ita polisi. Lakini uwaambie wakiingia waangalie chini."

Kufikia saa sita mafundi wawili walikuwa wamelifunika kwa zege lenye vyuma, la kubeba hata lori. Mifuko miwili ya simiti ilibaki. Ephantus aliifungia stoo.

Kule kwenye ploti maji ya bafu yalikosa pa kwenda, yakaingia vyumbani. Kesho yake Kipngeno alitumwa achimbe shimo lingine. Alilichimba palepale, futi kumi. Kuweka kifuniko hakutumwa.

Alhamisi basi lilipiga honi. Shosho alipokea watoto wanne, akamfunga Abby kwa mafundo mawili. Kisha akautoa mkanda wake wa kuni msumarini, akatoka, akapapasa ukingo wa shimo kwa vidole. Udongo ulikuwa bado laini.

"Umelichimba vizuri," alimwambia Kipngeno. "Hili litakunjika mara nane. Leo nalitandaza sebuleni kwa Ephantus."

Kipngeno alisogeza kiatu chake kutoka ukingoni, akampisha.