Mazutu Ndani ya Bandari

Mwaka wa 1979, siku tishari la mazutu, yale mafuta ya dizeli, lilipotoboka, Kalemie nzima, mji wa kando ya ziwa, ilikuwa uwanja wa ndege ikicheza. Mkubwa alikuwa anatoka Kinshasa, na mkubwa akija, hata mwenye mguu mbovu hucheza. Kwenye biro ya bandari walibaki wawili tu: mlinzi wa lango, na Ngoy, mwenye kazi ya kuruhusu meli kuingia, pamoja na redio yake inayokwaruza.

"Papa Ngoy," sauti ya kapiteni Mwamba ikasema, "tumegonga jiwe. Mazutu inatoka. Tuingize mu bandari, huku mawimbi itatupasua."

Sheria ilikuwa moja: chombo kinachovuja hakiingii bila karatasi yenye saini ya komisera, mkuu wa serikali pale. Na komisera alikuwa huko kwenye ngoma, picha ya Rais kifuani. Ngoy akamtuma mlinzi kwa baiskeli. Alirudi na jibu la mdomo: ibaki nje, mgeni asione uchafu.

Wakubwa bwana! Wanaogopa uchafu unaoonekana tu. Ngoy aliujua upepo ule. Tishari likipasuka nje, mazutu yangetandaa kwenye mchanga wote wanawake wanakoanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mke wake Mujinga akiwa mmoja wao, kisha yangeingia Lukuga, mto unaotoka ziwani, na watu wa huko bara wangeyanywa. Likiingia, ingechafuka bandari peke yake. Nusu shari kuliko shari kamili.

"Ingieni," alisema. Hakuona hofu. Hakuona chochote moyoni, na hilo ndilo lililomshangaza.

Yeye, mlinzi na mabaharia wanne walifunga magogo kwa kamba, wakaziba mdomo wa bandari, wakapanga nyuma yake magunia ya mabaki ya pamba ya kunyonya mafuta. Hadi jioni maji ya ndani yalikuwa meusi, ya nje safi. Siku tatu walichota mazutu kwa ndoo, wakajaza mapipa.

Siku ya nne Ngoy alifukuzwa kazi, baada ya miaka kumi na tisa. Alisaini pale alipoonyeshwa, akauliza ufunguo auache wapi.

Mjini maneno yakawa mengi. Wanawake waliozoea kufua ndani ya bandari walikosa pa kufulia. Wavuvi wenye mitumbwi humo walisugua mbao mpaka mikono ikachubuka. Nani aliyeyaleta mazutu? Ngoy. Na lazima kuna kitu alikula. Kule mchangani hakukutokea jambo, na jambo lisilotokea nani atalitolea ushahidi?

Jumapili mama za ndagala walitoa misa ya shukrani. Ngoy aliimba nao, mdomo ukijiendea wenyewe. Nyumbani Mujinga akamwekea bukari, ugali wa moto, na ndagala safi, za mchangani kwake.

"Mungu alitulinda," akasema. "Alifungia mazutu kule bandarini, haikufika kwetu."

Ngoy akamega bukari.

"Ila weye, Papa, miye najiuliza kila siku. Juu ya nini uliingiza ile tishari? Ulitaka kutuua na watoto?"

Akatafuta hasira moyoni, hata chembe, asiipate. Ndagala zilikuwa tamu.

"Kula, Mama," akasema. "Bukari inapoa."