Mafundo Matatu Chini ya Godoro

Shangazi Zaituni aliingiza mkono chini ya godoro letu, akatoa uzi mweusi wenye mafundo matatu. Akauinua mbele yangu na mbele ya mume wangu, Mudathiru. Mtoto alikuwa ananyonya.

“Donc, kumbe ndiyo hii! Mutoto ya kaka yangu umemufunga, Mutesi. Ndiyo maana nguvu zake zimeisha tangu ulizaa.”

Titi lilimtoka mtoto mdomoni, nikalirudisha. Katika ukoo wao, mke akisemwa kamfunga mume kwa uchawi hurudishwa kwao, na mtoto hubaki. Kwetu ni kijijini, Bugeshi. Kanga zangu mbili zilikuwa tayari kwenye mfuko, shangazi mwenyewe alizikunja.

“Shangazi, hii ni nyumba ya fundi cherehani. Hata kwenye ugali tunakuta nyuzi.”

“Na fundo tatu zinajifunga? Uzi iko na mikono?”

Mudathiru alikaa kwenye kiti cha cherehani, macho chini. Ni yeye aliyemwambia shangazi kwamba mwili umemkatalia miezi minne. Hakusema nimemfunga. Lakini hakukana pia.

Nilijua kilichotokea, ila kukitamka mbele ya shangazi wa mume ni kuvua nguo sokoni. Nikamtazama mtoto.

“Mimi ndiye naumia,” nikasema.

“Unaumia wapi?”

“Pale waliponishona nilipozaa. Akinigusa, ni kama moto.”

“Eeh! Mwanamuke anavumilia. Mi nimezaa saba, ulinisikia nikilia?”

“Nimevumilia, shangazi. Nang’ata shuka, nageukia ukuta. Ndiyo imetufikisha hapa.”

Mudathiru aliinua kichwa. “Ni maumivu? Si kunichukia?”

“Nani kakuambia nakuchukia?”

“Uso wako. Kila nikikusogelea unakunja uso. Nikasema, basi, nimemchosha. Siku moja mwili ukagoma. Siku ya pili nikaogopa utagoma tena, ukagoma kweli. Sasa hata jua likizama naogopa.”

“Mutu na ndevu zake anaogopa muke yake!” shangazi akadakia. “Na huu uzi?”

Mudathiru alisimama, akauchukua, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Huu ni wangu, ulinidondoka. Nilishonea vifungo vya koti hapa kitandani wakati umeme ulikatika kule dukani. Nani mwingine hapa Gisenyi anaanzia kifungo kwa mafundo matatu? We ndiye ulinifundisha, shangazi. Ulinipiga na futi nikifunga mawili.”

Shangazi aliyahesabu mafundo kwa kidole. Kisha akajifanya kutafuta viatu vyake mlangoni, na kabla ya kutoka akasema, bila kugeuka, “Mi pia niliumia. Nilipozaa yule wa kwanza. Hakuna aliniuliza.”

Tulibaki watatu. Mudathiru hakujua mikono aiweke wapi.

“Tufanye nini?”

“Nesi wa kituo cha afya alikuja kwenye darasa letu la jioni la kina mama. Alisema kidonda cha uzazi kina dawa, na mwili wa mwanamume ukigoma kwa hofu, nao unasaidiwa. Ila anataka mke na mume waje pamoja.”

“Nikaseme mambo haya mbele ya nesi? Mwanamke?”

“Mimi nimeyasema mbele ya shangazi yako.”

Alifuta uso kwa kiganja. Akakaa kando yangu, karibu, lakini si karibu sana, kama mtu anayeuliza kwanza.

“Wanafungua saa ngapi?”