Samahani Majirani, Ni Paka Tu

Mutunga aliendesha malori miaka nenda miaka rudi, Mombasa hadi Malaba, na hakuna kilichowahi kumtia hofu kama kulaumiwa na majirani. Wezi hakuwaogopa. Majirani, naam. Kwa hiyo mwanawe Kiilu, anayelinda majumba ya watu huko Qatar, alipotuma pesa za kuweka alamu katika nyumba yao ya mtaa wa Umoja, mzee alikubali shingo upande. Aliyefurahi ni mkewe, Mbinya. Yeye ni fundi cherehani. Hushonea sare za shule pale pale sebuleni, mlango wazi kwa kila mwenye suruali ya kupunguzwa, na mchana kutwa huwa peke yake.

Fundi wa alamu alifunga king'ora juu ya paa, akampa Mbinya kitufe kidogo cha kutia mfukoni, kisha akaichukua simu ya Mutunga.

"Mama akiona hatari, anabonyeza, inalia. Wewe mzee utaona hapa popote ulipo. Na ukitaka inyamaze, unagusa hii nyekundu."

Mutunga aliipenda hiyo nyekundu kuliko mtambo mzima.

Maana mtambo wenyewe ulikuwa kichaa. Upepo ukitikisa dirisha, unalia. Stima zikipotea na kurudi, unalia. Paka wa jirani akipita kibarazani, unalia hadi watoto wachanga wa mtaa wote wanaitikia. Hapo simu ya mzee hujaa ujumbe wa kundi la majirani. "Mzee zima hiyo kitu bana, nimetoka kazi ya night," huandika Ryan wa nyumba ya nyuma. Naye Mutunga, uso ukimwaka kwa aibu, huzima mbio na kuandika: "Samahani majirani, ni paka tu." Aliyaandika maneno hayo mara nyingi hadi simu ikajifunza kumkamilishia.

Majirani si watu wabaya. Siku za mwanzo walitoka mbio, Phelister mwenye paka akiwa mbele na mwiko mkononi. Lakini mtu hutoka mara ngapi kumkimbilia paka wake mwenyewe? Wakaanza kufunga madirisha tu.

Kiilu alimsihi babake kwenye simu. "Baba, kabla hujazima, mpigie mama kwanza."

"Sawa, sawa," alijibu Mutunga, na moyoni alisema kijana amezoea kulinda matajiri.

Jumanne moja mchana alikuwa soko la Muthurwa akinunua vitunguu. Muuzaji, mama mmoja mwenye kichwa kigumu, ndio kwanza alikuwa anaanza kulegeza bei, simu ikatetemeka. Alamu. Na chini yake, tayari, ujumbe wa Ryan umefika. Mutunga hakusoma zaidi. Aligusa nyekundu akarudi kwa vitunguu. Haikupita muda ikatetemeka tena.

"Paka gani huyu!" alifoka, muuzaji akacheka. Akagusa tena. Akaandika samahani yake. Wazo la kumpigia Mbinya lilimjia, tuseme ukweli, lakini mikono ilikuwa imejaa na bei ilikuwa karibu kushuka. Akaliacha lipite.

Alipofika nyumbani alikuta mlango umerudishwa tu. Cherehani haikuwepo. Televisheni haikuwepo. Mbinya alikuwa sakafuni katikati ya sare za watoto, mkono wa kulia umebabuka kutoka kiganja hadi kiwiko, midomo inacheza bila sauti. Mutunga alipiga kelele ambayo hakujua anayo, na kufumba na kufumbua nyumba ikajaa watu.

"Tuliisikia," alisema Phelister, akilia. "Ikalia, ikanyamaza. Nawe ukaandika ni paka. Tukajua mko sawa."

Hospitalini, daktari alisema mkono utapona ngozi, ila vidole huenda visikunjike vizuri tena. Mutunga alidhani ni maji ya chai waliyommwagia. Hakuuliza, na Mbinya hakuwa anasema neno. Kiilu alipiga simu akibubujikwa na machozi, akaapa kuwashtaki waliowauzia takataka ile. Watu wa kanisa waliokuja kuomba nao waliulaani mtambo. Mutunga alitikisa kichwa pamoja nao. Alijiona mtu duni kuliko hao wezi, na bado akatikisa kichwa.

Siku ya tatu Mbinya aliomba maji. Akanywa, akamtazama mumewe.

"Baba Kiilu."

"Niko hapa, Mama Kiilu."

"Walikuja na suruali ya kupunguzwa. Vijana wawili, wana adabu kabisa. Nilipoona mmoja anafunga mlango, nikabonyeza kile kitufe." Alipumzika kidogo. "Waliogopa! Walikimbia, mmoja alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja uko nje. Halafu ikanyamaza. Wakaangaliana, wakarudi. Nikabonyeza tena, ikanyamaza tena. Ndipo wakajua hakuna mtu anakuja."

Mutunga aliushika mkono wa mkewe uliokuwa mzima, wa kushoto, akautazama huo asimtazame usoni.

"Kwani stima zilipotea?" Mbinya aliuliza.

Alikuwa amempa njia ya kutokea, na Umoja nzima ingemuunga mkono, maana stima hupotea kila wiki. Mzee akaishika njia hiyo kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama. Zilipotea mtaa mzima."

Mbinya aliutazama ule mkono uliofungwa bandeji.

"Walinichoma na pasi yangu," alisema. "Ikipoa, wanaichomeka ukutani tena, wanangoja. Kama stima hazikuwepo, Baba Kiilu, ilikuwa inapata moto wapi?"