Maoni ya Wapagazi Juu ya Mchezo wa Mama Jawad

Alhamisi moja, baada ya swala ya adhuhuri, Anjum alikuwa anakata kitambaa cha mapazia dukani kwake Mikindani. Mteja alikuwa Rashidi, fundi cherehani, ambaye kama kawaida yake alikuwa analalamikia bei ya uzi. Kwenye meza ya nyuma, kati ya majora ya vitenge, kompyuta ilikuwa inawaka. Anjum alikuwa ameusimamisha mchezo ili amhudumie Rashidi. Alishajifunza kwamba ukiliacha jeshi litembee huku unapima kitambaa, utakosa jeshi na utakosa kipimo.

Mchezo wenyewe uliitwa Karne ya Bendera. Ni wa zile aina ambazo mtu mmoja anakabidhiwa dola nzima, na hazina yake, na majenerali wake wenye sharubu, kisha anaambiwa haya, tuone. Aliachiwa na mwanawe Jawad alipokwenda Muscat kutafuta maisha. Kijana alimwelekeza mama juu juu, akiamini atauchoka kabla ya mwezi kuandama. Mama hakuuchoka. Wateja walizoea kumkuta Mama Jawad ameshaitia mfukoni nusu ya Ulaya kabla ya alasiri, na asubuhi yake akibishana na mtu juu ya doti moja ya kanga.

Isitoshe, alikuwa mkosoaji. Kwenye ukurasa wa wachezaji mtandaoni aliwahi kuandika kwamba kodi katika mchezo ule inakusanyika upesi mno, na kwamba yeye katika ukoo wake wa wafanyabiashara hajawahi kumwona mtu akilipa kodi kwa uchangamfu namna ile. Wachezaji wengi walimuunga mkono. Walidhani ni profesa.

Mchana huo alikuwa yumo mwaka 1917. Jeshi lake lilikuwa limetoka Lindi, linashuka na pwani kwenda kuvuka Ruvuma karibu na mdomo wake. Rashidi alikuwa anahesabu chenji wapagazi walipofika.

Walikuwa kundi dogo la wanaume, wote wamekufa zamani. Vumbi lilikuwa limewapanda mpaka magotini. Walitua mizigo barazani: masanduku ya risasi, magunia ya unga, mtutu wa bunduki kubwa, na beseni la bati la kuogea, refu kama mtumbwi wa mtoto. Rashidi aliruka sanduku moja, akasema, "Poleni na safari," wakaitikia, "Tumeshapoa," naye akaenda zake na kitambaa chake.

"Samahani, mama," alisema wa mbele yao. "Tumeona hapa pamesimama, tukasema tupumue."

Kwa sura ungemkadiria miaka thelathini. Lakini mtu aliyekufa wakati wa vita ile ni babu hata kama ndevu zake zinahesabika, kwa hiyo Anjum akamwamkia.

"Shikamoo babu. Karibuni. Pamesimama nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mchezo." Alielekeza kidevu kwenye kompyuta. "Ukiusimamisha wewe, na sie tunasimama."

Jina lake lilikuwa Mauricio, mtu wa Kionga, ng'ambo ya mto. Alieleza jambo hilo taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Walikuwa wamelala vizuri tu kwa miaka mingi, kila mmoja pale alipoangukia. Kisha mchezo ukatoka. Waliouunda waliweka majenerali, farasi, reli, hata mvua. Wapagazi hawakuweka. Sasa jeshi likitembea, unga haubebwi na upepo. Kila mchezaji anapolisogeza jeshi kwenye nchi hii, awe Mikindani au awe huko kwenye theluji, lazima mtu aubebe. Ndiyo wakaitwa wale wale.

"Wanacheza watu wengi?" aliuliza Mauricio.

"Wengi mno, babu."

"Tulijua. Miguu inasema."

Anjum aliona haya. Mwezi ule peke yake alikuwa ameivuka Ruvuma huku na huku mpaka hesabu imempotea, mara nyingine kwa kujaribu tu. Akawaagizia chai.

Chai aliileta Ermelinda, jirani yake, mama wa makamo mwenye genge la korosho na vitumbua. Wazazi wake walihamia upande huu wa mto kabla hajazaliwa, wakitokea Kionga. Alipomsikia mgeni akitaja mji, aliuliza ukoo. Alipotajiwa ukoo, aliuliza jina la mama. Kisha akaweka birika chini.

"Babu Mauricio," alisema. "Wewe ndiye uliyechukuliwa shambani, ukipalilia mpunga."

"Ndiye mimi. Chakula kilikuwa jikoni."

"Bibi alikuwa akisema. Alikuwa akisema mpaka anakufa: amekwenda na njaa yake."

Ermelinda alilia kidogo, kwa furaha na kwa aibu ya ukoo mzima, halafu akakimbia nyumbani. Alirudi na sahani ya ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Mauricio alinawa, akamega tonge la kwanza, akafumba macho. Akamega la pili. La tatu lilikuwa bado mkononi alipoinuka. Mtu mmoja mahali fulani duniani alikuwa ameliamuru jeshi liende. Wapagazi wote wakainama, wakajitwika, wakateremka na barabara ya pwani. Sahani ikabaki na Ermelinda.

Tangu siku hiyo wakawa wanapita mara kwa mara, kwa sababu Anjum aliuacha mchezo wake umesimama moja kwa moja na dukani kwake palikuwa na kivuli. Msemo unasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuja na kazi yao kichwani. Kila walipotua, Ermelinda alileta sahani, na kila mara Mauricio aliinuliwa kabla hajafika katikati. Kwake Ermelinda, hilo likawa ndilo jambo la dunia. Gesi ya Msimbati na bei ya korosho vingejitazama vyenyewe. Yeye alitaka babu yake amalize sahani moja.

"Mama Jawad," alisema, "wewe unajuana na wenye mchezo. Waambie."

Anjum akawauliza wapagazi maoni yao, kwa kuwa alitaka kuandika kwa haki. Ilionekana walikuwa nayo siku nyingi. Josephu, mbeba risasi, aliusifu muziki, akasema pia kijani cha ramani wamekipatia, hasa upande wa Mpapura. Hassani ndiye aliyebeba beseni la ofisa, na yeye hakuwa na la kusifu.

"Nimelibeba tangu mchezo utoke," alisema. "Huyo ofisa hajaonyeshwa akioga hata mara moja. Kama haogi, beseni la nini?"

Mauricio alifikiri zaidi. Katika uhai wake alibebeshwa mizigo na Wajerumani, kisha na Wareno, kisha na Waingereza, na alisema unga wa wote una uzito ule ule. Alitaka wapagazi waonekane kwenye ramani. Wapewe posho, na posho ikiisha jeshi lisimame. Na kiwekwe kitufe cha mpagazi kukataa.

"Akikataa itakuwaje?" aliuliza Anjum, ambaye ni mchezaji na alitaka kujua kanuni.

"Arudi nyumbani akale."

Anjum aliyaandika yote, akayatuma kwa waundaji na kuyabandika kwenye ukurasa wa wachezaji. Mjadala ulikuwa mkubwa, na kwa sehemu kubwa wa kistaarabu. Mmoja alisema wazo ni zuri ila litajaza ramani kwa watu wadogo wadogo. Mwingine alisema vita za upande huu tayari zinachosha, mvua ndiyo iondolewe. Wa tatu, aliyeandika marefu, alieleza kwamba wapagazi wamo mchezoni tangu mwanzo: wamo ndani ya ile asilimia ya upungufu wa jeshi inayotokea pembeni, kwa rangi nyekundu. Anjum aliwasomea wapagazi hayo barazani. Walimwomba arudie, akarudia.

"Hiyo nyekundu niliiona," alisema Josephu. "Nilidhani ni jua."

Waundaji nao walijibu, kwa adabu. Walishukuru kwa mchango wenye mapenzi na mchezo. Walisema burudani ina mipaka yake, na kwamba malalamiko kuhusu Ruvuma wameyapokea na watayafanyia kazi katika toleo lijalo. Wakamzawadia Anjum kofia ya jemadari yenye manyoya, ya kuivalisha picha yake mtandaoni. Anjum aliivalisha. Ilimpendeza, na hakuona sababu ya kukataa kizuri kwa ajili ya kibaya.

Ermelinda hakutaka kusikia habari za kofia. Siku jibu lilipokuja alikuwa amesimama mlangoni na sahani, wapagazi wanaingia, wanatua. Ndipo akaona kitu ambacho muda wote kilikuwa mbele ya macho yake.

"Mama Jawad, hivi wageni wanatua wenyewe?"

Anjum alishtuka. Hili ndilo alilostaajabia, si wafu. Nyumba za Mikindani, ziwe za Wahindi, za Wamakonde au za Wamakua, zina desturi moja: mgeni akifika na mzigo hupokelewa mzigo kwanza, salamu baadaye. Kumwacha mtu ajitue mwenyewe ni kumwambia pita. Na wao walikuwa wamewaacha watu hawa wajitue tangu siku ya kwanza.

"Usiguse," alisema Mauricio. "Mali ya jeshi. Mnyapara atakuchapa."

"Mnyapara yuko wapi?"

Wapagazi walitazamana. "Alikufa Lindi kwa homa," alisema Hassani. "Hata mchezoni hakuja. Tunamwogopa kwa mazoea tu."

"Babu," alisema Ermelinda, "kwetu mgeni hajitui." Akaweka sahani barazani, akalishika gunia la unga la babu yake kabla halijafika chini, akaliegemeza kwenye nyonga yake. Mauricio akabaki na mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi, mwishowe akaiweka kwenye sahani.

Hapo hapo mtu huko duniani akaliamuru jeshi. Wapagazi wengine wakainuka. Mauricio hakuinuka. Aliyeinuka ni Ermelinda, kwa kuwa mzigo ulikuwa mikononi mwake. Alisokota kanga ikawa kata, akaliweka gunia juu yake, akatoka na wenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na Ermelinda alikubali njia nzima kwamba walijua walichosema. Alipanda mlima wa Mikindani, akapita Magomeni, akafika Chuno mjini Mtwara. Huko yule mchezaji labda aliitwa kula, kwa sababu mzigo ulitulia. Akautua kwenye baraza ya shemeji yake, akarudi kwa bajaji.

Mauricio alikuwa amemaliza sahani. Alikuwa ameifuta kwa kidole. Alikuwa amelala chali kati ya majora ya vitenge, anakoroma, na Anjum alikuwa amepunguza feni ili asipigwe na baridi.

"Amekula yote?" aliuliza Ermelinda.

"Akaomba ukoko."

Ermelinda aliketi chini kwenye sakafu, miguu inamuuma, akacheka mpaka wateja wakaingia kuuliza kuna nini.

Habari ikaenea kwa utulivu. Wenye safari zao wakawa wanapitia kwa Mama Jawad kuchukua mzigo: anayekwenda hospitali ya Mtwara anachukua sanduku, anayekwenda Msimbati kuangalia nyavu anachukua gunia. Rashidi alibeba mtutu wa bunduki mara mbili, akalalamikia bei ya viatu. Wapagazi wakapata nafasi ya kukaa. Josephu alijifunza kucheza bao upya. Mauricio alianza kuota kitambi kidogo, jambo lisilo la kawaida kwa marehemu, na Ermelinda alilionyesha kwa watu kama mtu anavyoonyesha cheti cha mtoto. Siku moja Mauricio alivuka mto mikono mitupu, akaenda kuliona shamba la mpunga Kionga. Alirudi akasema limepaliliwa.

Beseni tu ndilo lililokosa mtu. Ni refu, linagonga visigino, na kila aliyeliangalia alikumbuka ana shughuli. Hassani aliendelea kulibeba mwenyewe, bila kinyongo cha wazi.

Mwanzoni mwa Ramadhani toleo jipya likatoka. Waundaji walikuwa wameyafanyia kazi malalamiko ya Ruvuma kama walivyoahidi: mvua imeondolewa, na mwendo wa jeshi katika pwani ile umeongezwa maradufu. Asubuhi hiyo mizigo iliondoka dukani mapema na kwa kasi, na watu wa Mikindani walioibeba walirudi wakihema. Jioni yake ikaitwa tena. Ermelinda alikuwa ameshatangulia na gunia. Hassani alikuwa ameketi barazani, amelishika beseni kwa mkono mmoja, anajiandaa kuinuka.

Anjum alimtazama. Mtu huyu ndiye aliyevushwa Ruvuma mara zote zile, kwa kujaribu tu, na yeye Anjum kwenye kiti chake akinywa chai ya tangawizi. Roho ilimuuma, akasema hivyo.

"Babu Hassani, roho inaniuma. Lete."

"Litakugonga visigino, mama."

"Lete tu."

Alikata kipande cha kitenge kipya kwenye jora, akakisokota, akajitwika beseni. Hassani alikaa, akanyoosha miguu, akaulizia futari. Anjum akashika njia na wengine, na kwenye mlima visigino vikaanza kugongwa kama alivyoambiwa.

Katikati ya mlima simu ikalia ujumbe. Ulikuwa ukurasa wa wachezaji. Toleo jipya lilikuwa limepewa nyota zote tano, na mchezaji mmoja, yule wa maandishi marefu, safari hii alikuwa ameandika kwa ufupi: "Hatimaye wamepatia. Jeshi sasa linatembea lenyewe."

Anjum aliusoma, akairudisha simu kwenye mkoba, akalishika beseni kwa mikono miwili, akaendelea kupanda.