Ukurasa wa Pili wa Kiapo

Mandakini Ghorpade alizivua kandambili mlangoni, kama anayeingia hekaluni, akapanda kizimbani miguu mitupu. Wakili Inamdar, aliyemtetea mumewe, akatabasamu. Miaka thelathini na mmoja katika mahakama za Sangli ilimfundisha kuwa wanyenyekevu namna hii ndio wafichaji hodari.

Mfukoni Inamdar alikuwa na nakala ya amri ya hakimu wa jinai: mume, Yeshwant, amlipe mkewe rupia elfu nne kila mwezi. Sasa Yeshwant amefungua kesi ya talaka, na mke yuleyule yuko mbele ya jaji wa familia akidai matunzo tena, safari hii kwa sheria ya ndoa za Wahindu. Sheria haimkatazi mtu kubisha hodi milango yote miwili. Inamtaka tu auambie wa pili alichopewa kwenye wa kwanza, ili kikatwe. Anayeficha huweza kurudi mikono mitupu, na Mandakini akirudi hivyo, binti yake Revati ataacha chuo cha uuguzi mwezi huu huu.

"Mama," Inamdar alianza kwa sauti ya asali, "umewahi kupewa amri ya matunzo kwingine kokote?"

"Nimepewa."

Inamdar akakohoa. Hakulitarajia jibu hilo.

"Mbona basi umeificha mahakama hii?"

"Nimeificha wapi, bwana wakili? Iko ukurasa wa pili wa kiapo changu. Hukusoma?"

Watu wakaangua kicheko. Loo, aibu iliyoje! Hakusoma, na kweli hakusoma. Alikwisha kukamata wake wengi mno wakificha, hata akaacha kusoma viapo vyao. Akafungua jalada, masikio yanamwaka moto. Amri ilikuwepo, na namba yake, na tarehe yake. Chini yake mwanamke ameongeza kwa mkono wake: *Nauza papadi, chapati kavu za dengu. Napata rupia elfu mbili na mia moja kwa mwezi.* Wakili wa Mandakini akainamisha kichwa. Bila shaka alikuwa amemsihi asiliandike hilo.

Inamdar akajaribu tena, bila nguvu. "Kwa hiyo unataka kula mara mbili?"

"Mara mbili!" Mandakini akamtazama usoni. "Miezi kumi na moja sijala hata mara moja. Hajaleta hata rupia. Naomba inayotosha, na ya kule ikatwe humu humu. Cha mtu sikitaki."

"Bwana Inamdar," jaji aliuliza, "ni kweli haijalipwa?"

Yeshwant alikuwa akitazama feni darini. Lipo jibu ambalo kila wakili analo kwenye ncha ya ulimi, *sina maelekezo ya mteja, Mheshimiwa*, nalo limewaokoa wengi. Inamdar akalitafuta, likamkataa. Alikuwa akimwangalia mwanamke aliyeandika vijisenti vyake vya papadi mahali ambapo hakuna mtu angevigundua, akamheshimu kwa namna iliyomuuma.

"Kumbukumbu za kule zinaonyesha haijalipwa, Mheshimiwa."

"Basi saa nane nakitaka kiapo cha mume. Mali na mapato, vyote."

Kwenye ukumbi wa nje Yeshwant alimrukia. "Umenimaliza, bwana wakili! Haya, andika sina kitu. Malori nimeyaweka kwa jina la mdogo wangu."

"Nani anayapangia safari?"

"Mimi."

"Nani anachukua malipo ya kubeba miwa kiwandani?"

Yeshwant akafoka. "Hebu niambie, wewe ni wakili wangu au wake?"

"Wako. Ndiyo maana sitakuacha uape uongo mbele ya yule mama. Kaa chini."

Inamdar akaiweka fomu kwenye benchi, akampa kalamu yake mwenyewe. Yeshwant akaandika taratibu: *Lori, moja.* Akaiinua kalamu, akangoja aambiwe imetosha.

"Na la pili?" Inamdar aliuliza.