Kiti Kando ya Mzee Lipsky

Mzee Saul Lipsky alikata roho alfajiri, theluji ikimwagika, na Noella Pelkey akavuta kiti cha chumba cha chakula, kile chenye mguu mmoja mfupi, akakiweka kando ya kitanda. Alifunika kioo cha ukutani kwa taulo. Akawasha mshumaa wa betri, maana moto wa kweli ulikuwa marufuku katika nyumba ile ya wazee, kisha akaketi. Zamu yake ya uuguzi ilikuwa imekwisha, lakini hakwenda nyumbani.

Alikuwa ameahidi. Katika mji ule wa kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, ambao kiwanda chake cha karatasi kilifungwa kikaondoka na nusu ya watu, mzee Lipsky alikuwa Myahudi wa mwisho. Sinagogi ya karibu ilikuwa Bangor, mwendo wa saa tatu barabara ikiwa safi. Kwa Wayahudi maiti haiachwi peke yake hata kidogo mpaka izikwe. Sharti mtu aketi nayo. Noella alilijua hilo kwa sababu lilikuwa katika somo la nne.

Huu ulikuwa mwaka wa pili anasoma kwa posta na mtandao, katika chuo kinachoandaa wahudumu wa kiroho wa watu wa dini zote. Kila dini ilipewa mwezi wake, na Wayahudi walipewa Februari. Mzee aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa.

"Mwezi mmoja? Tena ule mfupi?" alimwambia. "Mimi nina miaka themanini na tisa, mwanangu, na bado nimekwama ukurasa wa kwanza."

Basi akamfundisha mwenyewe. Kila alasiri alimrudisha nyuma kwenye maneno yale yale ya sala, akimkejeli kwamba anasoma kama mtu aliyejaza viazi mdomoni. Kicheko kilikwisha mwezi Oktoba, alipoanza kushindwa hata kukaa.

"Watu wangu hapa hawapo," alisema siku moja. "Binti yangu Deena yuko Boston, atachelewa tu. Utakaa na mimi?"

"Nitakaa."

"Usiseme kwa ajili ya maksi."

"Nitakaa, mzee."

Hakumweleza kwamba mama yake mwenyewe alifia humo humo, chumba namba kumi na moja, wakati yeye Noella akimwogesha mama wa mtu mwingine mwisho wa ukumbi. Padri alikuwa na parokia saba mikononi mwake, akaja kesho yake. Hilo ndilo lililomsukuma vitabuni akiwa na miaka hamsini na minne, huku wenzake wakimwita Sista Mtandao. Alijiapiza kwamba hakuna atakayekufa kama mama yake ikiwa yeye yupo.

Na mtihani wake wa mwisho ulikuwa saa nne asubuhi hiyo hiyo. Walimu watatu, kila mmoja na mji wake, wangemhoji kwa kamera. Atakayeikosa nafasi hiyo angengoja mwaka mzima. Alikuwa amewaandikia alfajiri kuomba siku nyingine, na hakuna aliyejibu. Mtandao nao ulishika sehemu moja tu, stoo ya mashuka, ghorofa ya chini.

"Si uende tu," Corinne, muuguzi aliyeingia zamu ya asubuhi, alimwambia. "Nitakaa mimi. Kwani atakimbia?"

"Usimwache hata dakika moja, Corinne."

"Nimekusikia, Sista."

Akashuka. Katikati ya mashuka yaliyokunjwa, walimu walimtaka aeleze huduma moja iliyomfunza jambo, naye akawaeleza habari za mzee Lipsky. Alieleza kiti, taulo na ahadi. Wala haikuwa uongo. Mwalimu mmoja alivua miwani akafuta macho. Hakuna aliyemuuliza maiti yuko na nani saa ile, na yeye mwenyewe, aibu iliyoje, kwa dakika kadhaa alisahau kabisa kwamba mzee amelala ghorofa ya juu. Walimwambia palepale kwamba amefaulu, na alifurahi.

Alipanda ngazi mbilimbili. Kiti kilikuwa kitupu. Mikono ya mzee ilikuwa imekutanishwa kifuani, imezungushiwa rozari ya mbao yenye msalaba.

Corinne alikuwa chumba cha pili, anambandika plasta bibi mmoja kwenye paji la uso.

"Kengele ililia, ningefanyaje?" alisema. "Kaanguka chooni, damu chapachapa. Nikamwachia mzee rozari yangu, asikae peke yake. Ya marehemu mama hiyo."

Noella alishindwa hata kumkasirikia, na hapo ndipo palipomuuma zaidi. Alirudi akaizongoa rozari polepole kutoka vidole vilivyokwisha kuanza kukakamaa, akampelekea Corinne, akaketi tena. Hakuna ambaye angejua.

Deena alifika adhuhuri, theluji imeganda kwenye viatu, gari la mazishi kutoka Bangor likimfuata nyuma. Kabla ya kumtazama baba yake alikitazama kiti.

"Hakuachwa peke yake?"

Neno moja lingetosha. Noella aliona jinsi binti huyu angelala nalo salama maisha yake yote. Miaka miwili alikuwa amefundishwa kufariji watu.

"Aliachwa," alisema.

"Muda gani?"

"Sijui. Mimi nilitoka dakika arobaini. Niliyemwacha naye akaitwa kwa mgonjwa."

"Ulitoka kwenda wapi, dada?"

"Kwenye mtihani."

"Mtihani wa nini?"

"Wa hiki," alisema Noella, akionyesha kiti.

Deena alikisogelea kiti. "Nipishe," alisema, akaketi na koti lake mwilini.

Noella alitoka akaufunga mlango, akakaa sakafuni ukumbini, mgongo mlangoni. Simu ilitetema mfukoni, bila shaka hongera za chuo. Hakuitoa. Ndani, Deena alianza sala kwa lugha ya utoto wake, akaenda kidogo, akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama pale pale.

Noella aliyajua maneno yaliyofuata. Mzee alikuwa amemkaririsha Februari nzima, na sasa yalimjia yote ulimini, kwa mpangilio, bila kosa. Aliziba mdomo kwa kiganja, yasimtoke. Ndani, Deena akaanza tena.